Andiko la mkopo wa asilimia 10: hesabu ndiyo inayobeba ombi

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kila halmashauri nchini ina wajibu wa kisheria wa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wanawake hutengewa asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2. Wajibu huo umewekwa katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kupitia kifungu cha 37A kilichoongezwa mwaka 2018, na sasa unafahamika hadi vijijini. Kisichofahamika vya kutosha ni namna ya kuandika waraka unaomfikisha mwombaji kwenye fedha hizo, yaani andiko la mradi pamoja na mchanganuo wa biashara uliomo ndani yake.

Waombaji wengi huliandika andiko kama risala. Huanza kwa shukrani kwa viongozi, hueleza ugumu wa maisha na nia njema ya wanakikundi, kisha hutaja kiasi cha fedha kinachoombwa. Maneno hayo hayana kosa, lakini hayajibu swali ambalo kamati inayochambua maombi inalazimika kulijibu kabla ya kupitisha shilingi moja: je, biashara hii itazalisha kiasi cha kutosha kurejesha mkopo na bado ikabaki hai? Jibu la swali hilo hutoka katika hesabu. Andiko la kurasa 4 lenye hesabu zinazokubaliana lina nguvu kuliko la kurasa 30 lenye picha za rangi.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana wazi Aprili 2023, Serikali ilipositisha utoaji wa mikopo hiyo ili kuandaa utaratibu mpya. Taarifa za ukaguzi za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilikuwa zimeonesha fedha nyingi ambazo hazikurejeshwa, na vikundi vingine ambavyo havikuwepo kabisa. Mikopo ilipotangazwa kurejeshwa mwaka 2024, halmashauri 10 zilipangwa kuanza kwa majaribio ya kutoa fedha kupitia benki, na nyingine kuendelea chini ya utaratibu ulioboreshwa. Katika kipindi hicho cha kusubiri, vikundi halali vilivyokuwa vimejiandaa vilikosa fedha pamoja na vile vya udanganyifu. Fedha hizi ni za mzunguko: kinachorejeshwa na kikundi kimoja ndicho kinachokopeshwa kwa kingine. Kwa hiyo andiko lenye hesabu za kubuni humdhuru jirani aliye kwenye foleni, na humdhuru zaidi mwandishi wake iwapo litakubaliwa, kwa sababu deni litabaki la kweli hata kama faida ilikuwa ya karatasi.

Mfano unaweza kulifafanua jambo hili vizuri zaidi kuliko maelezo ya jumla. Tuchukue ufugaji wa kuku wa nyama, mradi unaochaguliwa mara kwa mara na vikundi vya mijini. Bei zitakazotumika hapa ni za kielelezo tu. Kila kikundi kitafute bei za mahali pake.

Kikundi cha wanawake watano kinaandika kwamba kitafuga vifaranga 500. Kila kifaranga kitanunuliwa kwa shilingi 1,800, jumla shilingi 900,000. Chakula ni mifuko 30 ya kilo 50 kwa shilingi 70,000 kila mmoja, jumla 2,100,000. Chanjo na dawa ni shilingi 150,000. Gharama zote zinafika shilingi 3,150,000. Kuku 500 watauzwa kwa shilingi 8,000 kila mmoja na kuleta shilingi 4,000,000. Faida ni 850,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni shilingi 10,200,000. Kwa msingi huo kikundi kinaomba shilingi 6,000,000 na kuahidi kuzirejesha zote ndani ya miezi 12.

Ukijumlisha kwa kikokotoo, hesabu hiyo haina kosa hata moja. Lakini msomaji mwenye uzoefu, hasa afisa mifugo, ataikataa ndani ya dakika tano, na ni vema tufuate macho yake yanapopita.

Kwanza ataangalia muda. Kuku wa nyama hukaa bandani kwa takriban wiki tano. Baada ya kuuzwa, banda linahitaji kusafishwa, kupuliziwa dawa na kupumzishwa, tuseme kwa wiki mbili. Mzunguko mmoja basi ni wiki saba, si mwezi, na mwaka wenye wiki 52 unatoa mizunguko saba, si kumi na miwili. Pili ataangalia chakula. Kuku mmoja hadi kufikia uzito wa kuuzwa hula takriban kilo tatu na nusu. Kuku 500 watahitaji kilo 1,750, ambazo ni mifuko 35, yaani shilingi 2,450,000. Tatu atauliza waliko kuku waliokufa. Hakuna mfugaji anayeuza idadi ileile ya vifaranga aliowaingiza. Hata pale chanjo za kideri na gumboro zilipotolewa kwa wakati, kupotea kwa asilimia 5 ni jambo la kutarajiwa. Wanaobaki ni 475. Nne ataona kwamba hakuna maranda ya kutandika, hakuna mkaa wala umeme wa kuwapasha joto vifaranga, na hakuna nauli ya kupeleka kuku sokoni. Tuweke shilingi 150,000 kwa maranda, mkaa na umeme, na 100,000 kwa usafiri.

Sasa gharama ni shilingi 3,750,000 na mauzo ya kuku 475 kwa shilingi 8,000 ni 3,800,000. Faida ya shilingi 850,000 imekuwa 50,000 kwa kila mzunguko, au 350,000 kwa mwaka mzima. Kikundi kiliahidi kurejesha shilingi 6,000,000.

Hapa ndipo hatari inapojificha, kwa sababu kikundi hicho kinaweza kweli kuanza kurejesha. Mwezi wa kwanza na wa pili kitalipa kwa kutumia fedha za mtaji. Mzunguko unaofuata kitanunua vifaranga 400 badala ya 500, unaofuata 300, na wanakikundi wataamini kwamba biashara inakwenda kwa kuwa marejesho yanapelekwa. Banda litakapobaki tupu, deni bado litakuwepo. Mchanganuo mzuri humwonesha mwombaji jambo hilo akiwa bado nyumbani kwake, kabla hajaweka sahihi kwenye mkataba wowote. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, faida hiyo ni kubwa kuliko hata ile ya kupata mkopo.

Je, kikundi hicho kiache mradi? Si lazima. Hesabu iliyosahihishwa imekionesha mahali pa kufanyia kazi: bei na soko. Kuku wakiuzwa kwa shilingi 9,000 wakiwa wamechinjwa na kusafishwa na wanakikundi wenyewe, kwa wateja waliokwishaagiza, mauzo ya kuku 475 yanafika shilingi 4,275,000 na faida inakuwa 525,000 kwa mzunguko. Lakini tofauti hiyo ya shilingi 1,000 kwa kila kuku haiji kwa kuandikwa. Lazima andiko lioneshe inatoka wapi, na hiyo ndiyo kazi ya sehemu ya soko.

Sehemu hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote katika maandiko mengi. Sentensi kama "soko la kuku ni kubwa kwa kuwa wananchi wengi hupenda kula kuku" haimwambii msomaji chochote. Kikundi kinachotaka kuaminiwa hutembea. Huhesabu mabanda ya chipsi yaliyopo katika kata yake, huuliza kila moja linachukua kuku wangapi kwa wiki, kutoka kwa nani na kwa bei gani. Hupita kwa mama lishe, kwenye migahawa, na kwenye kumbi zinazofanyiwa sherehe. Kisha huandika, kwa mfano, kwamba wauza chipsi 12 waliohojiwa huchukua kuku 260 kwa wiki kwa jumla, kwamba saba kati yao wako tayari kupokea kuku waliosafishwa kwa shilingi 9,000 iwapo watafikishiwa asubuhi, na kwamba barua zao za nia zimeambatishwa. Maelezo ya namna hiyo yanaweza kuhakikiwa, na kuhakikiwa ndiko kunakoleta imani.

Siku za kuuza nazo zina hesabu yake. Kuku aliyekwishafikia uzito wa kuuzwa hula takriban gramu 150 kwa siku. Kuku 475 hula kilo 71, karibu mfuko mmoja na nusu, yaani takriban shilingi 100,000 kila kunapokucha. Wanunuzi wakichelewa siku tano, faida ya mzunguko mzima inakuwa imekaribia kuliwa na kuku wenyewe. Andiko linaloeleza kwamba vifaranga wataingizwa bandani kwa makundi mawili yanayopishana, ili kuku wasikomae wote siku moja, linaonesha kwamba mwandishi wake ameifikiria biashara hiyo hadi mwisho.

Baada ya faida kujulikana, ndipo kiasi cha mkopo na muda wa kurejesha vipangwe. Wengi hufanya kinyume chake: husikia kwamba kikundi fulani kilipata milioni kadhaa, huandika kiasi hichohicho, kisha hutafuta matumizi ya kukijaza. Kikundi chetu cha mfano kinahitaji shilingi 3,750,000 kuendesha mzunguko mmoja. Wanachama wana banda tayari, wana vyombo vya maji na chakula, na wamechanga shilingi 150,000. Kinachopungua ni shilingi 3,600,000, na hicho ndicho cha kuomba. Michango ya wanakikundi itajwe yote, pamoja na ile isiyo ya fedha taslimu, kwa kuwa anayekopesha huona heri kumwongezea mtu aliyekwishaanza.

Mkopo huo ukirejeshwa kwa miezi 12 ni shilingi 300,000 kwa mwezi, au takriban 485,000 kwa kila wiki saba. Faida ni 525,000. Kitakachobaki ni shilingi 40,000 kwa wanawake watano kwa karibu miezi miwili ya kuamka alfajiri, na kuku wakifa zaidi ya asilimia 5 hakibaki kitu. Kwa miezi 24 marejesho yanashuka hadi shilingi 150,000 kwa mwezi, takriban 242,000 kwa mzunguko, na kikundi kinabaki na karibu 283,000. Si fedha nyingi za kugawana, lakini mwisho wa miezi 24 mtaji wa shilingi 3,750,000 utakuwa mali yao bila deni. Kikundi kiombe muda unaolingana na mradi wake na kieleze sababu ya kuuomba kwa tarakimu hizo. Kuahidi kurejesha haraka ili kuipendeza kamati ni kujitega.

Sambamba na faida lipo suala la mtiririko wa fedha, ambalo kwa lugha nyepesi ni kuonesha fedha zinaingia lini na zinatoka lini. Kuku wa kwanza watauzwa wiki ya sita. Iwapo rejesho la kwanza linadaiwa mwisho wa mwezi wa kwanza, kikundi hakitakuwa na shilingi hata moja ya mauzo. Jedwali rahisi la miezi 12, lenye mstari wa fedha zilizoingia, mstari wa zilizotoka na mstari wa baki, litaonesha pengo hilo, na litaipa kamati msingi wa kuzingatia ombi la kuanza kurejesha baada ya mauzo ya kwanza. Kwa kilimo pengo ni refu zaidi. Kikundi cha alizeti cha Singida au Dodoma kinachopanda kwa mvua za msimu hakiwezi kuahidi marejesho ya kila mwezi kutokana na zao linalovunwa mara moja kwa mwaka, isipokuwa kina chanzo kingine cha mapato, na chanzo hicho kitajwe.

Lugha ya andiko iwe Kiswahili cha kawaida kilicho wazi. Kiswahili ni lugha ya Serikali, na hakuna alama za ziada kwa kuchanganya maneno ya kigeni. Kila dai lifuatwe na kipimo. Badala ya "vifaa vya kisasa", andika ni kifaa gani, cha ukubwa gani, kwa bei gani. Badala ya "tutaajiri vijana wengi", andika wangapi, kwa kazi ipi na kwa ujira gani, kisha hakikisha ujira huo umo kwenye gharama. Jambo hili la mwisho husahauliwa sana: ukurasa wa pili unaahidi ajira kwa vijana wanne, na ukurasa wa sita wenye bajeti hauna mshahara wa hata mmoja. Msomaji makini husoma andiko kwa kulinganisha kurasa. Idadi ya wanachama kwenye utangulizi ilingane na ile iliyo kwenye muhtasari wa kikao. Kiasi kinachoombwa kwenye barua kilingane na kilicho kwenye bajeti hadi shilingi ya mwisho. Muhtasari wa andiko, ingawa hukaa mwanzo, uandikwe mwisho, hesabu zote zikiwa zimetulia.

Kuhusu watu wa kuandikiwa, lipo jambo linalohitaji kusemwa bila kuzunguka. Katika miji mingi kuna vibanda vya steshenari vinavyouza maandiko yaliyo tayari, ambamo hubadilishwa jina la kikundi na kata tu. Mwenye kibanda anafanya biashara yake na hatutamlaumu kwa kuchapa. Tatizo hutokea maofisa wanapotembelea mradi na kumuuliza mweka hazina kwa nini bajeti ina mifuko 30 ya chakula badala ya 35, naye akawa anaisikia hesabu hiyo kwa mara ya kwanza. Asiyejua kuchapa achapiwe, na asiye na uzoefu wa kuandika aandikiwe, lakini tarakimu zitoke kwa wanakikundi na kila mmoja wao aweze kuzieleza akiwa amesimama mlangoni mwa banda. Maafisa Maendeleo ya Jamii waliopo katika kata ndio wa kwanza kuendewa kwa ushauri. Kwa miradi ya usindikaji na ufundi, ofisi za SIDO zilizopo mikoani hutoa mafunzo na ushauri wa mashine na gharama zake. Kwa mifugo na mazao, afisa mifugo na afisa kilimo wa kata wanajua takwimu za mahali husika kuliko kitabu chochote.

Viambatisho havihitaji maelezo marefu: cheti cha usajili wa kikundi, katiba, muhtasari wa kikao kilichoridhia kukopa ukiwa na majina na sahihi za wanachama, taarifa ya akaunti ya benki ya kikundi, na ankara za bei kutoka kwa wauzaji wa pembejeo au vifaa. Katika hivyo, ankara za bei ndizo zinazopuuzwa zaidi, ilhali ndizo zinazothibitisha kwamba kifaranga kweli ni shilingi 1,800. Zikusanywe angalau kwa wauzaji wawili, na ziwe za karibuni, kwani bei ya chakula cha kuku ya miezi sita iliyopita ni historia.

Sehemu ya vihatarishi nayo isiachwe kwa kuogopa kwamba itaonesha udhaifu. Kamati inafahamu kwamba kuku huugua na bei hushuka. Inachotaka kujua ni iwapo kikundi kinafahamu pia, na kimejipanga vipi: nani anatunza kumbukumbu za chanjo, ni fedha kiasi gani hutengwa kila mzunguko kwa dharura, na bei ikishuka hadi shilingi 8,000, ambayo tumeona inaacha faida ya shilingi 50,000 tu, rejesho la mwezi litatoka wapi.

Mwisho, kikundi kijiandae kwa uwezekano wa kupewa pungufu ya kilichoomba, kwa kuwa fedha za halmashauri hutegemea makusanyo na waombaji ni wengi. Kupokea nusu ya fedha huku ukitekeleza mpango wa fedha kamili ni njia ya uhakika ya kuishia katikati. Katika mfano wetu, gharama ya kumlea kuku mmoja ni shilingi 7,500. Kikundi kikipewa shilingi 2,000,000 na kuongeza 150,000 zake, kinaweza kufuga kuku 280 wala si 500. Faida itakuwa takriban shilingi 294,000 kwa mzunguko, tena itapungua kidogo, kwa sababu gari linalobeba kuku 266 halitozi nusu ya nauli. Marejesho ya miezi 24 yatakuwa takriban 135,000 kwa wiki saba, na bado yanalipika. Ukurasa mmoja wenye hesabu hiyo ya pili uandaliwe mapema na uambatishwe kwenye andiko, ili siku ya kusaini mkataba wanakikundi wawe wanajua tayari ni vifaranga wangapi wataagiza.